Kundi la damu hukana, halithibitishi

Tangu 2023, pale upimaji wa DNA za watoto ulipogeuka mazungumzo ya kila redio ya Kampala, kuna upimaji mwingine unaoendelea kimyakimya majumbani bila maabara yoyote. Baba anatoa kadi yake ya kuchangia damu, anachukua kitabu cha kliniki cha mama, anatafuta karatasi ya mtoto ya hospitalini, kisha anavipanga mezani. Baba ni A. Mama ni A. Mtoto ni O. Kesi imekwisha, mama afungashe.

Hesabu hiyo si kweli, na kinachoudhi ni kwamba mwanafunzi yeyote wa biolojia wa sekondari angeweza kuikosoa. Kundi la damu linajua kusema "huyu siye". Kusema "ndiye huyu" haliwezi, na hata hilo "siye" lina masharti yake. Wanaolitaka lithibitishe baba wa mtoto, mwenye damu kwenye panga, au kabila la mtu, wanalitwisha mzigo ambao halikuumbiwa.

Tuanze na urithi wenyewe. Makundi ya ABO yaligunduliwa na Karl Landsteiner huko Vienna, akayachapisha 1901. Jeni inayohusika iko kwenye kromosomu ya 9, na kila mtu ana nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Nakala ya A inatengeneza kimeng'enya kinachobandika aina moja ya sukari juu ya chembe nyekundu, na ya B inabandika sukari nyingine. Vimeng'enya hivyo viwili vinatofautiana kwa asidi amino nne tu. O, kwa kawaida, ni nakala ya A iliyopoteza herufi moja ya DNA. Herufi hiyo ikikosekana, maelekezo yote yanayofuata yanasomeka kombo na kimeng'enya hakifanyi kazi. Ndiyo maana O haionekani ikikaa pamoja na A au B. Mtu mwenye kadi ya A anaweza kuwa AA au AO, na kadi haisemi.

Sasa tazama idadi za hapa kwetu. Miongoni mwa wachangia damu wa kusini magharibi mwa Uganda, O ni karibu asilimia 50, A karibu 25, B karibu 21, na AB chini ya 5. Ukipiga hesabu ya kawaida ya jenetiki kwa idadi hizo, utakuta kwamba watu 9 kati ya 10 wenye kundi A wamebeba O chini yake. Wenye kundi B ni vivyo hivyo. Kwa hiyo kati ya watoto wa ndoa za A na A, karibu mmoja kati ya watano atakuwa O. Ndoa za A na B nazo ni hivyohivyo. Huyo ndiye mtoto anayefukuzwa nyumbani na kadi tatu za mezani, naye ni wa kawaida kabisa.

Rh, ile chanya au hasi inayoandikwa kando ya kundi, nayo inafuata njia hiyo. Wenye Rh hasi hapa ni karibu asilimia 2 tu, lakini ili watu 2 kati ya 100 wawe hasi, lazima karibu robo ya watu wote wawe wameibeba kimyakimya wakiwa chanya. Wazazi wawili chanya kupata mtoto hasi si muujiza wala si ushahidi wa kitu chochote.

Je, ni wapi kundi la damu linaweza kukana? Mzazi AB hatarajiwi kuwa na mtoto O, na mzazi O hatarajiwi kuwa na mtoto AB. Wazazi wawili O hawatarajiwi kupata A wala B. Wazazi wawili wenye Rh hasi hawatarajiwi kupata mtoto chanya. Lakini nguvu ya ukanaji huo inategemea mama na mtoto ni nani. Mama akiwa O na mtoto B, basi B imetoka kwa baba, naye lazima awe B au AB. Hapo wanaume 75 kati ya 100 wanaondolewa, wanabaki 25. Mama akiwa O na mtoto O, wanaoondolewa ni wenye AB peke yao, hawafiki hata 5. Na mama akiwa A na mtoto A, haondoki mwanaume yeyote, uwe umepima kijiji kizima. Wale wanaojitapa kwamba "mtoto ana kundi langu" wafikirie: ukiwa O na mtoto akawa O, umefanana na nusu ya abiria wa kila teksi inayotoka Old Taxi Park.

Halafu kuna swali ambalo wenye kadi hawaliulizi kamwe: je, kadi yenyewe ni sahihi?

Katika vituo vingi vya afya kundi hupimwa kwa kigae cheupe. Unadondosha tone la anti-A, yaani kingamwili inayoshika chembe za A, ambayo ni ya buluu, tone la anti-B ya manjano, na tone la anti-D, ya kupima Rh, ambayo kwa kawaida haina rangi. Kando ya kila tone unaweka damu kidogo, unachanganya kwa kijiti tofauti kwa kila moja, unatikisa kigae polepole, na unasoma kabla ya dakika mbili kwisha. Chembe zikijikusanya mabonge, kitu kinachotafutwa kipo. Ni kipimo rahisi, na kwa sababu ni rahisi kinaharibika kirahisi. Kijiti kimoja kikitumika kwa matone mawili, anti-A inahamia kwa anti-B na mtu wa A anaweza kusomeka AB. Kigae kikisahauliwa, kingo za tone zinakauka na kufanana na mabonge. Dawa za kupimia zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme ukikatika kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu zinadhoofika, kisha A dhaifu inasomeka O. Na chupa mbili za damu zikikaa mezani bila majina, hakuna kemia itakayookoa jibu.

Kinga dhidi ya makosa haya ni kupima pande zote mbili: chembe za mtu kwa anti-A na anti-B, kisha majimaji ya damu yake kwa chembe za A na B zinazojulikana. Mtu wa kundi A lazima awe na kingamwili dhidi ya B. Pande mbili zisipokubaliana, jibu halitolewi. Benki za damu hufanya hivyo, lakini karatasi ya kliniki mara nyingi ni ya upande mmoja.

Kwa mtoto mchanga mambo ni magumu zaidi. Hana bado kingamwili zake mwenyewe, huanza kuzitengeneza akiwa na miezi kadhaa, kwa hiyo upande wa pili haupimiki. Sukari za A na B juu ya chembe zake bado ni chache. Na damu ikichukuliwa kwenye kitovu bila kuoshwa vizuri, ute wa kitovu unazishikamanisha chembe zote na kila tone linaonekana chanya. Jibu la siku ya kuzaliwa lirudiwe baadaye.

Kuna na hili ambalo kwa Uganda ni la kila wiki: mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria kali, akaongezewa damu ya O usiku. Chembe nyekundu huishi hadi siku 120. Ukimpima wiki tatu baadaye utaona chembe za aina mbili zikiogelea pamoja, baadhi zimejikusanya na nyingine ziko huru, na msomaji mwenye haraka ataandika O. Watoto wenye selimundu wanaoongezewa damu mara kwa mara wanaweza kuishi na mchanganyiko huo mwaka mzima. Swali la kwanza la mpimaji yeyote liwe: huyu ameongezewa damu lini?

Bado hatujafika kwenye maumbile yasiyo ya kawaida. A ina aina ndogo, na ile ya pili, A2, ni dhaifu, hasa ikiwa pamoja na B. Mtu wa A2B anaweza kuandikwa B tu kwenye kigae. Mpe mke wa kundi O na mtoto wa kundi A, na umepata "ushahidi" kamili dhidi ya mwanamke asiye na kosa. Kusini mwa Afrika imeelezwa A nyingine dhaifu, iliyopewa jina la Abantu. Iko pia hali iliyoelezwa Bombay mwaka 1952, ambapo mtu amekosa msingi ambao sukari za A na B hubandikwa juu yake. Anasomeka O hata kama jeni yake ni ya B, na mtoto wake anaweza kuzaliwa B waziwazi. Hali hii ni adimu, lakini imeonekana zaidi kwa watu wenye asili ya India, na familia zenye asili hiyo tunazo Kampala na Jinja tangu enzi za reli. Kipimo cha anti-H, kinachotafuta msingi huo, huitambua. Na kuna nadra zaidi, ambapo A na B zimekaa kwenye nakala moja, hivyo mzazi AB anaweza kabisa kuzaa mtoto O.

Kwa hiyo kadi zikigongana, hatua ni hizi. Wote watatu wachukuliwe damu upya, siku moja, mbele ya anayewatambua. Wapimwe pande zote mbili, kwenye mirija badala ya kigae. Kama mgongano unabaki, waende kwa DNA, na kundi la damu liwekwe kando. Pamba ya kijiti inasuguliwa ndani ya shavu la baba, mama na mtoto, kisha maabara inalinganisha takriban sehemu 20 za DNA zinazotofautiana sana kati ya watu. Asiye baba hugongana sehemu nyingi. Mgongano wa sehemu moja pekee unaweza kuwa badiliko la kawaida kati ya mzazi na mtoto, na maabara makini haitangazi kukana kwa sehemu moja. Maabara iambiwe pia kama mshukiwa mwingine ni ndugu wa baba, kwa sababu ndugu wawili wanachangia takriban nusu ya jeni zao na hesabu inabadilika. Watu huficha hilo kwa aibu, kisha wanashangaa majibu kuwa na utata. Buganda ilikuwa na okwalula abaana, ambapo kitovu kilichokauka cha mtoto kilitumbukizwa majini kuona kama kinaelea, na kikielea mtoto ni wa ukoo. Sioni kwamba kadi tatu mezani ni sayansi zaidi ya ile.

Mahakamani kosa ni lilelile likiwa limevaa suti. Leone Lattes wa Italia alionyesha 1915 kwamba doa lililokauka linaweza kupimwa kundi, na kwa miaka mingi polisi wa dunia nzima walitumia njia zilizotokana na wazo hilo. Unachukua nyuzi chache za nguo yenye doa, unaziloweka kwenye anti-A au anti-B kwenye baridi ili kingamwili zishike, unaosha kwa maji ya chumvi yaliyo baridi, unapasha moto hadi karibu nyuzi 56 ili zilizoshika ziachie, kisha unaongeza chembe zinazojulikana na kutazama mabonge. Usipoosha vya kutosha, kingamwili zilizobaki zinafanya kila doa kuwa chanya. Jasho la mvaaji nalo lina sukari hizohizo, kwa kuwa watu wengi huzitoa katika mate na jasho. Baadhi ya bakteria wana sukari inayofanana na B. Ndiyo maana lazima ukate pia kipande cha nguo ileile pasipo na doa na kukipima sambamba. Ripoti isiyotaja kipande hicho, wakili mzuri ataichana.

Tuseme kazi yote imefanywa sawasawa, na damu ya kwenye panga ni O na marehemu ni O. Sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9 Uganda. Damu ile inaweza kuwa ya zaidi ya milioni 22 kati yao. Na kama mshukiwa naye ni O, doa kwenye shati lake linaweza kuwa lake mwenyewe alipojikata akimenya matooke. Lakini kama marehemu ni O na mshukiwa ni O, na doa ni B, hapo kundi limefanya kazi: kuna mtu wa tatu, au kuku na mbuzi ambao hakuna aliyewaondoa kwanza. Hiyo hatua ya kuuliza kama ni damu, kisha kama ni ya binadamu, hurukwa mara nyingi mno. Kipimo cha kwanza cha rangi hubadilika waridi hata kwa kutu na kwa utomvu wa baadhi ya mboga.

Inafaa kukumbuka kwamba hata DNA iliingia kwenye jinai kwa mlango wa kukana. Alec Jeffreys alivumbua alama za DNA huko Leicester mwaka 1984, na katika kesi ya kwanza kubwa, 1986, matokeo yake yalianza kwa kumtoa kijana aliyekuwa tayari amekiri kosa moja kati ya mauaji mawili. Muuaji halisi, Colin Pitchfork, alipatikana baadaye.

Kinachoua ushahidi hapa kwetu mara nyingi ni kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Askari anakuta shati limelowa damu, analikunja, anatia kwenye kaveera, anafunga fundo, na gari linatoka Kitgum kwenda Wandegeya kwenye maabara ya serikali. Ndani ya mfuko huo kuna joto na unyevu, na bakteria wanaanza kula. Likifunguliwa, shati limeota ukungu na DNA imekatika vipande visivyosomeka. Nguo ikaushwe kivulini, kwa hewa tu. Jua kali linaharibu DNA, na moto nao vilevile. Kisha iwekwe kwenye bahasha ya karatasi, kila kitu bahasha yake, glovu zibadilishwe kati ya kimoja na kingine. Doa la ukutani lifutwe kwa pamba yenye maji safi kidogo sana, ikifuatiwa na pamba kavu, zote zikaushwe kabla ya kufungwa. Damu ya mshukiwa iwekwe kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau. Ya kijani ina heparini, ambayo inazuia mashine kunakili DNA. Na kila aliyeshika bahasha aandike jina, tarehe na saa, la sivyo upande wa utetezi hauhitaji hata kugusa sayansi.

Sasa kabila. Wazo kwamba damu inataja asili lilianza mapema. Ludwik na Hanna Hirszfeld walipima wanajeshi wa mataifa mengi huko Thessaloniki wakati wa vita vya kwanza, wakachapisha 1919 kipimo cha kupanga "mbari" kwa uwiano wa A na B. Uganda nayo ilipata zamu yake. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walichapisha katika jarida la Nature mgawanyo wa selimundu kwa makabila ya Uganda, wakitafuta maana yake kwa historia ya watu. Waliona tofauti kubwa mno: karibu asilimia 45 ya Baamba walikuwa na chembe za selimundu, na kati ya Bahima ni wachache sana. Ilivutia kuona hapo nasaba na uhamiaji.

Mwaka 1954 Anthony Allison alileta maelezo yenye uzito zaidi. Alipima watoto 290 katika vijiji vya kuzunguka Kampala. Waliobeba selimundu walikuwa 43, na 12 kati yao walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasioibeba, 113 walikuwa navyo. Asilimia 28 kwa 46. Tofauti za makabila zilikuwa zinachora ramani ya mbu kuliko ramani ya mababu. Bonde la Bwamba lina malaria, vilima vya Kigezi ni baridi. Kundi O lenyewe lina upendeleo kama huo: chembe zake zilizoambukizwa hazishikamani sana na jirani zake, na mwenye O ana nafasi ndogo ya kupata malaria kali. Kila kabila la Uganda lina A, B, AB na O. Richard Lewontin alipozikusanya takwimu za makundi ya damu na protini duniani mwaka 1972, alikuta takriban asilimia 85 ya tofauti zote ziko ndani ya jamii moja, kati ya jirani na jirani.

Alama ya asili yenye nguvu kuliko hizo ni Duffy, protini nyingine ya juu ya chembe nyekundu. Karibu watu wote wa eneo letu la Afrika hawana Duffy kwenye chembe nyekundu, kwa sababu herufi moja ya DNA inayowasha jeni hiyo imebadilika. Louis Miller na wenzake walionyesha 1976 kwamba kimelea cha malaria aina ya vivax kinashindwa kuingia kwa watu hao. Doa lisilo na Duffy likipatikana London lingepunguza orodha ya washukiwa sana. Likipatikana Kampala halimpunguzi mtu.

Lakini hapa ndipo asili inapokuwa na maana, na ni hospitalini. Wasio na Duffy huwa na neutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu, chache kwenye kipimo cha kawaida cha damu, na afya yao ni nzuri. Ukitumia kiwango cha chini cha Ulaya, 1,500 kwa kila mikrolita, Waganda wengi wenye afya wataambiwa wana kasoro au watakataliwa kwenye majaribio ya dawa. Rh nayo ina mtego wake. Kwa Wazungu wenye Rh hasi, jeni inayohusika, RHD, kwa kawaida haipo kabisa. Kwa Waafrika wenye Rh hasi, takriban theluthi mbili wanayo, ila ina kipande cha herufi 37 kilichojirudia kinachoizima. Kifaa cha DNA kinachouliza tu "jeni ipo?" kitajibu ndiyo. Kikitumika kwa mama mjamzito mwenye Rh hasi ili kutabiri kundi la mtoto tumboni, kinaweza kuiona jeni ya mama mwenyewe iliyozimika na kuihesabu kuwa ya mtoto. Anayenunua vifaa hivi kwa hospitali za Uganda amwombe muuzaji aonyeshe kwa maandishi kwamba kifaa kinatofautisha jeni hai na hiyo iliyozimika. Hadi maandishi hayo yapatikane, mama mwenye Rh hasi apewe sindano yake ya anti-D, inayomkinga asitengeneze kingamwili dhidi ya damu ya mtoto, wiki ya 28, kisha damu ya mtoto ipimwe akizaliwa, na akiwa chanya mama arudie sindano ndani ya saa 72.